Maandishi ya Mgongoni

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, na vijana mliokuja kunisikiliza jioni hii hapa Tanga: shikamooni wakubwa zangu, ambao kwa umri nilionao mmebaki wachache ukumbini, na ninyi wengine hamjambo. Nilipoombwa nizungumze juu ya uzuri, kumbukumbu na upendo katika maisha ya kila siku, nilijibu kwamba mambo hayo matatu ni mazito mno kwa mwalimu mstaafu, na kwamba nikiyabeba yote kwa mkupuo nitaishia kusema maneno matamu yasiyoshikika. Nikaomba ruhusa nizungumze juu ya kitu kimoja kinachoshikika, kinachofuliwa na kuanikwa, ambacho wengi wenu mnacho nyumbani na baadhi yenu mmejitanda hapa mbele yangu. Nitazungumza juu ya kanga, na hasa juu ya maandishi yake, na juu yetu sisi tunaoyasoma tukiwa nyuma ya aliyeyavaa.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani. Anayetoka mjini kwenda Bweni hana budi kuvuka mto kwa kivuko, na anayengoja kivuko hana la kufanya isipokuwa kutazama maji, kutazama kivuko kinavyojongea taratibu kutoka ng'ambo, na kutazama mgongo wa mtu aliyemtangulia. Nimeuvuka mto ule tangu nikiwa nimebebwa, na ninaweza kusema bila kutia chumvi kwamba pale gatini ndipo nilipojifunza kusoma, kwa maana ya kusoma inayozidi kutambua herufi. Shuleni nilipewa kitabu, na kitabu kilinisubiri nikifungue nitakapo. Mgongo wa mwanamke aliyejifunga kanga haukusubiri mtu. Upepo ukivuma, jina, yaani yale maandishi, hujikunja. Akigeuka kumsalimia mwenzake, jina hupotea. Kivuko kikifika, kila mtu huondoka na neno lake, nawe unabaki na nusu ya sentensi ambayo utaimalizia mwenyewe njiani.

Mnajua kanga imeundwaje, lakini niruhusuni nikumbushe, kwa sababu hoja yangu yote imo katika umbo hilo. Ni kitambaa cha pamba, urefu wake hukaribia mita moja na nusu na upana wake huzidi mita moja kidogo. Pembezoni pote kuna pindo, katikati kuna mji, na sehemu ya chini ya mji, ndani ya kisanduku chembamba, kuna jina. Sasa tazameni jambo hili: mwanamke akiisha kujifunga, jina hukaa nyuma, na yeye peke yake katika mtaa mzima ndiye asiyeweza kulisoma. Amelichagua, amelilipia, amelipiga pasi, kisha analitembeza bila kuliona. Sijui kama kuna maandishi mengine yanayofanana na haya, ambayo mwenye nayo huwapa wote wanaokutana naye huku yeye mwenyewe akiwa hana njia ya kuyatazama. Barua huandikiwa mtu mmoja na tangazo huandikiwa watu wote, lakini jina la kanga humwendea yule atakayetokea nyuma, awe mke mwenza, mpita njia, au mtoto anayepeleka mbuzi malishoni.

Historia ya vazi hili sitaipitia yote. Inatosha kusema kwamba lilizaliwa katika pwani yetu katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake walipoanza kununua leso zilizochapwa zikiwa bado hazijakatwa, wakachukua sita, wakaunga tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja pana. Neno leso lenyewe tulilipata kwa Wareno, na ndugu zetu wa Mombasa na Kenya yote wamebaki nalo hadi leo. Sisi wa huku tumeshika jina la ndege mwenye madoadoa, kwa sababu kanga za mwanzo nyingi zilikuwa na madoa meupe kama yake. Kabla ya hapo, mwanamke mtumwa alivaa merikani, kitambaa kisichopakwa rangi kilichopewa jina la nchi kilikotoka, au kaniki iliyochovywa nili. Utumwa ulipopigwa marufuku kwa sheria Unguja mwaka 1897, waliotoka utumwani walikuwa na haraka ya kuvua nguo zile, na wengi walivaa kanga. Kwa hiyo, mtu anaposema kwamba kanga ni kitambaa cha jikoni tu, namwomba akumbuke kwamba kuna mwanamke aliyeivaa mara ya kwanza akijua kuwa kuanzia siku ile hakuna bwana wa kumchagulia rangi.

Maandishi yalikuja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20. Watu wa Mombasa humtaja mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana zaidi kwa jina la Abdulla, kuwa ndiye aliyeanza kuweka misemo ya Kiswahili katika leso zake, na hadi leo kanga za duka lile huonyesha alama ya Mali ya Abdulla. Mwanzoni misemo iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha herufi za Kirumi zikachukua nafasi. Mabadiliko hayo ya herufi katika vitabu hupita kwa mstari mmoja, lakini nyumbani kwetu yalileta vita, na vita vyenyewe ndivyo ninavyotaka kuwasimulia.

Baba yangu alikuwa baharia wa jahazi. Alisoma chuoni, akahitimu Kurani, na aliandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa mwandiko ambao watu walimsifia. Herufi za Kirumi hakuzijua hata moja. Kanga za zamani za mama yake aliweza kuzisoma. Kanga za mke wake zilimfungia mlango. Mwaka 1965, nikiwa darasa la tatu, alirudi kutoka Mombasa na doti moja ya kanga, nyekundu ya kukoza, yenye korosho kubwa katika mji na pindo jeusi, ikiwa bado ngumu kwa wanga wa kiwandani. Baba hakuwa mtu wa maneno. Sikuwahi kumsikia akimwambia mama neno la mapenzi mbele yetu, na nadhani hata tusipokuwepo hakuwa na mengi. Aliiweka doti juu ya mkeka, akasema, "Hii yako," akaenda kunawa.

Mama akaikunjua, akainusa, akaipitisha kiganja. Kisha akaniita. "Mwanangu, hebu nisomee. Baba yako kaniambia nini?"

Nataka mlisikie swali hilo vizuri. Hakuuliza kanga imeandikwa nini. Aliuliza baba yako kaniambia nini. Kwake yeye jina la kanga lilikuwa kauli ya aliyeitoa, hata kama ilichapwa kiwandani kwa maelfu na watu wasiomjua yeye wala baba. Nikapiga magoti nikasoma silabi kwa silabi, kidole juu ya kitambaa: KELELE ZA MLANGO HAZINIWASI USINGIZI. Kuwasa ni kuzuia, ni neno ambalo siku hizi nalisikia zaidi ndani ya methali kuliko vinywani mwa watu. Mama akanyamaza. Akamtazama baba aliyekuwa mlangoni na maji yakimchuruzika mikononi. Baba akasema, "Mimi nilipenda rangi." Basi mama akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga ile ile, na naamini kwamba katika maisha yao yote pamoja, hiyo ndiyo zawadi iliyomfurahisha kuliko zote: kwamba mtu huyu aliyekuwa kimya alisafiri kwenda na kurudi, akamletea maneno ambayo hakujua kuwa ameyaleta.

Sasa ilitokea kwamba wakati ule mama na jirani yetu wa mkono wa kulia walikuwa hawasalimiani, kwa sababu ya kuku waliofukua mchicha. Mama alipokwenda kisimani kwa mara ya kwanza na kanga yake mpya, hakuwa na nia mbaya. Au tuseme nia haikuwa mbaya sana. Jirani naye hakujua kusoma. Alimwita binti yake, aliyekuwa mwenzangu darasani, akamwagiza apite nyuma ya mama mara mbili na arudi na habari. Habari ilipofika, vita vikatangazwa. Baada ya wiki chache, walipouza nazi zao, jirani akatokea na yake: NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Mama naye akaniita nikasome. Kwa hiyo wanawake wawili wasiojua herufi walipigana kwa maandishi kwa muda wa miezi, na makarani wao walikuwa watoto wawili wa darasa la tatu waliokutana kila asubuhi njiani kwenda shule na kulinganisha taarifa. Naona baadhi yenu mnangoja niseme kwamba yule binti nilimwoa. Sikumwoa, aliolewa Korogwe, na hadi leo tukikutana huniuliza, "Bado unawasomea watu?"

Vita vile viliisha usiku mmoja wa masika. Mama alishikwa na uchungu, baba alikuwa baharini, mkunga alikaa mbali na mvua ilikuwa inanyesha. Jirani alisikia, na hakungoja kuitwa. Alivuka ule ua wa makuti ambao kuku walikuwa wakiupita, akaingia chumbani kwa mama, na mtoto alipotoka hakukuwa na nguo kavu iliyo karibu kuliko aliyojifunga yeye mwenyewe. Mdogo wangu wa kike alipokewa duniani kwa kanga ya simba. Mtaani wakampa jina la Simba, na ingawa ana jina zuri alilopewa na baba, wazee wachache waliobaki Pangani humwita Simba mpaka hivi leo.

Mimi niliifundisha lugha ya Kiswahili kwa miaka 34, na nina jambo la kuungama mbele ya walimu wenzangu. Kila mwaka nilifundisha methali kwa namna ile ile tuliyofundishwa sisi: andika methali, toa maana ya nje, toa maana ya ndani, taja methali nyingine inayofanana nayo. Mwanafunzi aliyejibu tofauti na mwongozo nilimkata alama. Lakini wakati wote huo nilikuwa najua, kwa ushahidi wa nyumbani kwetu, kwamba sentensi moja inaweza kuwa zawadi saa nne asubuhi na kuwa tusi saa kumi jioni, na kwamba maneno yaliyochapwa ili kumdharau mtu yanaweza kufuta damu ya mtoto wa mtu huyo huyo. Maana ya ndani haikuwa ndani ya methali. Ilikuwa kati ya aliyevaa na aliyemwona, na ilibadilika kila mmoja wao alipopiga hatua.

Nadhani watengenezaji wa kanga, kwa kujua au kwa kutojua, walilisaidia jambo hilo kwa namna wanavyoandika. Jina la kanga kwa kawaida huandikwa kwa herufi kubwa tupu, bila nukta, bila alama ya kuuliza wala ya mshangao. Nikiwa kijana nilikerwa na jambo hilo, kama nilivyokerwa na makosa ya tahajia yanayoingia pale kitambaa kinapochapwa ng'ambo na mafundi wasiojua Kiswahili. Nilikuwa mtu wa kusimama dukani na kusahihisha kwa sauti, mpaka muuzaji mmoja akaniambia kwamba kanga haipelekwi kwenye mtihani. Siku hizi naona kwamba zile alama ziliachwa kwa ajili yetu. Chukueni kanga iliyoandikwa HUJUI KITU. Mwenye kuisoma ndiye atakayeamua kama anatukanwa, anaulizwa, au anaambiwa siri na mtu anayetabasamu. Chukueni JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Nimeiona juu ya mwali, nimeiona juu ya mama aliyekuwa akihangaikia karo, na nimeiona juu ya bibi kizee aliyeketi katika foleni ya maji, na sikuona sababu ya kudhani kwamba wote watatu walikuwa wanatamani kitu kimoja.

Kuna asubuhi moja ambayo sijawahi kuizungumzia hadharani. Mke wangu alikuwa amelazwa, nami nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya kulipia vipimo, nikiwa na karatasi mkononi na hesabu kichwani isiyotimia. Mbele yangu alisimama mama mmoja wa makamo. Alikuwa amejifunga kanga iliyopauka, ya zile ambazo tumeziona mara elfu na hatuzioni tena: SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU. Maneno hayo nilikuwa nimeyasoma kwenye vioo vya mabasi, kwenye vibanda, kwenye mapazia ya jikoni, na kama mngeniuliza jana yake ningewaambia kwamba ni msemo uliochakaa. Lakini foleni ilikaa palepale kwa saa nzima, na mimi nilikaa saa nzima nyuma ya sentensi ile, nikiisoma kwa sababu haikuwepo nyingine. Sikupata faraja kubwa, wala sitaki kuwadanganya kwamba moyo ulitulia. Kilichonigusa ni lile neno la pili. Niliinua macho nikaona kwamba foleni yote ilikuwa imeshika karatasi kama yangu. Nilipofika karibu na dirisha, nikiwa nahesabu sarafu, yule mama aligeuka akaniuliza, "Baba, unapungukiwa?" Nikasema, "Kidogo." Akafungua fundo lililokuwa kwenye ncha ya kanga yake, akanipa. Wale wenye umri wangu mnalikumbuka fundo hilo. Ndiyo iliyokuwa benki ya mama zetu. Sikupata kumjua jina, na alipoondoka nilisoma mgongo wake mpaka alipokata kona.

Nimetaja fundo, na hapo ndipo uzuri wa kanga ulipo kwangu, zaidi ya rangi zake. Kitambaa hiki hakitengwi na kazi. Mwanamke huyo huyo hukunja kata akaweka ndoo kichwani, hufunika chakula, hujifunga kwenda msibani awe Mwislamu au Mkristo, hutandika chini apumzike, na humbeba mtoto mgongoni. Kanga ya kumbebea mtoto huitwa mbeleko, na hapa lugha yetu imefanya jambo ambalo walimu tungepaswa kulifundisha kabla ya ngeli. Mtoto yule akikua, akiposwa, wazee wanapokaa kupanga mahari, katika mila za pwani huwapo fungu la mama linaloitwa ubeleko, na fungu jingine linaloitwa mkaja, kwa jina la kitambaa anachofungwa mzazi tumboni baada ya kujifungua. Fedha yenyewe huwa si nyingi. Lakini fikirini maana ya kumtamkia bwana harusi, mbele ya mashahidi, kwamba kabla hujamwona binti huyu alikuwa mgongoni mwa mtu, na kwamba mgongo ule una jina na una haki yake. Wengi wetu hulipa fungu hilo kama tunavyolipa nauli, tukiwa tumeshika simu, na baadaye tunajiuliza upendo ulikwenda wapi katika harusi za siku hizi.

Wapo watakaosema kwamba ninapaka sukari. Wana haki. Kanga imewaliza watu. Mipasho inayovaliwa makusudi kumpitia mke mwenza mlangoni, au kumtangazia jirani aibu ya mwanawe, si jambo la kuchekesha kwa anayelengwa, na kisa changu cha kuku na mchicha kilichekesha kwa sababu tu kiliisha vizuri. Tena hatupaswi kusahau kwamba kanga ni biashara. Anayetunga jina hutunga litakalouzika, na ugomvi huuzika. Wapo pia wanaolalamika kwamba pamba imekuwa nyepesi, kwamba rangi hutoka kwa kufuliwa mara ya kwanza, kwamba vijana wetu huvaa madera na kuiacha kanga chumbani. Mimi malalamiko hayo huyasikiliza kwa nusu ya sikio. Bibi yangu alilalamika hivyo hivyo juu ya kanga za ujana wa mama yangu, na siku ya msiba vijana hao hao wa madera hufika na kanga zao begani bila kuambiwa na mtu.

Ninalolihofia mimi liko upande wetu sisi tunaotembea nyuma. Kanga inahitaji msomaji mwenye nafasi: aliyesimama gatini, aliyekaa kwenye daladala iliyosimama juani, aliyefuata njia ya miguu nyuma ya mama yake. Siku hizi nikivuka kwenda Bweni naona watu wameinamisha vichwa, kila mmoja amejifungia ndani ya kioo chake cha kiganjani, na migongo inapita mbele yao haijasomwa. Siwalaumu, maana nami ninacho kioo hicho, na mjukuu wangu amenifundisha kukitumia kuliko inavyofaa. Lakini nilipokuwa nakuja leo nilijaribu kujipa adhabu ya kukiweka mfukoni. Kutoka stendi mpaka hapa nilisoma kanga nne. Moja ilikuwa WEMA HAUOZI, juu ya binti aliyekuwa anagombana na kondakta kwa lugha ambayo siwezi kuirudia. Ya pili ilikuwa ya mahaba, MAPENZI NI KIKOHOZI HAYAWEZI KUFICHIKA, na aliyeivaa alikuwa anakohoa kweli. Ya tatu upepo ulinikatisha. Ya nne alijitanda mtoto wa miaka kama sita, bila shaka ya mamake, ikimburuta nyuma kama mkia wa tausi, na jina lilikuwa vumbini. Nikainama nisome, akadhani nataka kumnyang'anya, akakimbia.

Niseme jambo la mwisho juu ya mama, kisha niwaachie muda wa maswali. Baba alitangulia. Mwaka 1970, ulipotangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, mama alijiandikisha kwenye kisomo pamoja na yule jirani, na walikaa benchi moja. Mwalimu wao alishangaa kuona kwamba mama alijua sentensi kabla ya kujua herufi: aliitandika ile kanga nyekundu mbele yake, aliyokuwa akiijua kwa moyo, na kwa kuwa alijua inasema nini, aliweza kukisia kila alama inatoa sauti gani. K alilipata kutoka kwenye kelele, na M kutoka kwenye mlango. Ninyi mnaosomea ualimu mnaweza kuipa njia hiyo jina la kitaalamu; yeye alisema tu kwamba baba yako alinitangulia kuniandikia, na mimi nilichelewa kumsoma.

Alifariki mwaka 2009. Tulipofungua sanduku lake tulikuta kanga zimepangwa kwa namna ambayo mwanzoni hatukuielewa, si kwa rangi wala kwa ubora, mpaka mdogo wangu alipotambua kwamba zilifuata miaka: juu kabisa ile tuliyompa Idi ya mwisho, chini yake za harusi za wajukuu, chini zaidi ya msiba wa baba, na chini kabisa, kwenye mbao, ile nyekundu. Vipande vyote viwili vilikuwepo. Doti huuzwa ikiwa nguo moja yenye jina lile lile mara mbili, na kazi ya kwanza ya mnunuzi ni kuikata katikati na kukunga pindo. Sisi tukaigawa tena, kimoja changu, kimoja cha Simba. Changu ni kile alichokuwa akijifunga kiunoni, na kiko kabatini kwangu, kimefungwa kwenye karatasi, maandishi yote yanasomeka. Chake ni kile alichokuwa akijitanda kichwani, kilichopigwa na jua la miaka. Naye hakukihifadhi. Amekivaa, amekifua, amekitandika, na kila ninapomwonya kwamba atakimaliza, hunijibu, "Kaka, hiyo yako umeizika."

Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea. Mjukuu wake mchanga alikuwa amelala barazani juu ya mkeka, amefunikwa kipande kile, ambacho sasa kimekuwa rangi ya waridi hafifu na kimelainika kama ngozi ya sikio. Herufi nyingi zimekwenda na maji. Kelele hazipo tena, na mlango umefutika. Kaka yake yule mchanga, aliyeanza darasa la kwanza mwaka huu, alikuwa amepiga magoti pembeni, kidole juu ya kitambaa, anasoma neno moja lililobaki, kwa sauti ya juu kama wanavyosoma darasani: U, SI, NGI, ZI. Mdogo wangu akatoka jikoni, akaweka kidole mdomoni, akamwambia asome polepole, asije akamwamsha mwenzake.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.